Umemaliza Mionzi ya Tezi Dume: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanamume aliyemaliza tiba ya mionzi kwa saratani ya tezi dume, na wa wale walio karibu naye. Madhara mengi ya mionzi huchelewa kujitokeza, na mengi yana tiba, ila hayatibiwi yasipotajwa. Tumejibu kwa uwazi hata yale maswali ambayo watu huyaulizia mlangoni, wakati daktari ameshaanza kuita mgonjwa mwingine.

Kikao cha mwisho kimepita. Mbona bado nasumbuliwa?

Kazi ya mionzi huendelea mwilini hata mashine ikishazimwa. Seli ya saratani iliyoharibiwa vinasaba vyake haifi papo hapo; mara nyingi hufa pale inapojaribu kugawanyika, na hilo huchukua wiki au miezi. Halafu kuna suala la ujirani. Tezi dume imekaa chini kabisa ya kibofu cha mkojo, imeegemea puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Hata mashine ya kisasa haiwezi kuipiga tezi bila kuwagusa majirani hao.

Ndiyo sababu wiki za mwanzo mtu hukojoa mara kwa mara, husikia moto anapokojoa, huamka usiku mara nyingi, hupata choo laini chenye ute, na huchoka bila kufanya kazi ya maana. Kwa walio wengi hali hii hutulia kati ya wiki chache na miezi 3. Kunywa maji kama kawaida mchana, punguza ikifika jioni, na pumzisha kahawa, chai kali na pombe kwa muda. Usijinyime maji ili kupunguza safari za chooni, kwani mkojo mzito hukisumbua kibofu zaidi. Mkojo ukitoka kwa shida, zipo dawa kama tamsulosini zinazolegeza misuli ya shingo ya kibofu. Muulize daktari kama zinakufaa.

Mwenzangu alipigwa mionzi mara 37, mimi mara 20 tu. Nimepunjwa?

Hapana. Vikao vikiwa vichache, kila kikao hubeba dozi kubwa zaidi. Utafiti wa Uingereza uitwao CHHiP, ulioshirikisha wanaume zaidi ya 3,200 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 2016, ulilinganisha vikao 37 na vikao 20 vya jumla ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Vikao 20 havikuwa nyuma katika kudhibiti saratani, na madhara yalilingana. Siku hizi wapo wanaotibiwa kwa vikao 5 tu, na matokeo ya utafiti wa PACE-B yaliyotoka mwaka 2024 yaliunga mkono njia hiyo kwa wagonjwa ambao saratani yao ingali ndani ya tezi na haina ukali mkubwa.

Madhara ya kuchelewa ni yapi, na huja lini?

Haya ndiyo ambayo wengi hawajaandaliwa kwayo. Mtu amepona uchovu, amerudi kazini, miezi inapita, kisha mwaka wa pili anaona damu kwenye choo. Anadhani ni ugonjwa mpya, au anadhani saratani imehamia utumbo.

Kinachotokea ni kwamba mionzi hudhoofisha mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wa puru na kibofu. Ukuta huo hupungukiwa damu, hupata makovu, na mwili huotesha vimishipa vipya dhaifu vinavyopasuka kwa urahisi. Matokeo yake yanaweza kuwa damu kwenye haja kubwa au kwenye mkojo, haja ya ghafla isiyosubiri, kuvuja kidogo, kusinyaa kwa mrija wa mkojo, na kupungua kwa nguvu za kiume. Yanaweza kuanza baada ya nusu mwaka, na mengine huja baada ya miaka kadhaa. Si kila mtu hupatwa, na kwa wengi huwa mepesi. Ila ufuatiliaji ukiisha mapema, yatakukuta peke yako.

Nitajuaje kama huduma ninayopata baada ya mionzi ni nzuri?

Mwaka 1966, daktari Avedis Donabedian aliandika kuhusu namna ya kupima ubora wa huduma za afya kwa kutazama mambo matatu: kilichopo (vifaa na watu), kinachofanyika, na kinachompata mgonjwa mwishoni. Vituo vingi hujivunia jambo la kwanza. Mgonjwa aliyemaliza mionzi anapaswa kuyatazama mawili ya mwisho.

Tazama namna unavyoulizwa. Kuna mazungumzo yanayojirudia katika vyumba vya madaktari: "Shikamoo daktari." "Marahaba mzee, unaendeleaje?" "Vizuri tu, namshukuru Mungu." Daktari anafungua faili, anasoma PSA (kipimo cha damu cha protini inayotolewa na tezi dume), anasema iko sawa, mgonjwa anaaga. Nje, mkewe anamuuliza kama amesema habari ya kuvuja choo, naye anajibu kwamba hakuulizwa. Hakuna aliyesema uongo hapo, lakini hakuna huduma iliyotolewa pia. Swali la "unaendeleaje" huvuta jibu la adabu. Maswali yanayoleta habari ni haya: Unaamka mara ngapi usiku? Umewahi kuchafua nguo? Kuna damu? Uume unasimama? Unalala? Unatoka nyumbani kama zamani?

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ubora, kabla ya mashine na majengo. Kituo kinachouliza maswali hayo kila mara, kikaandika majibu, kikayalinganisha na ya mwanzo, kinajua wagonjwa wake wanaishije. Kisichouliza hakijui, hata kama PSA zote ni nzuri.

Mengine ya kuangalia: kama umepewa tarehe ya kurudi na namba ya kupiga ukizidiwa katikati, kama una muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi, kama ukitaja tatizo unapelekwa kwa anayelijua, awe daktari wa mkojo, wa utumbo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo au mshauri nasaha, na kama mtu mmoja anajulikana kuwa ndiye mwenye dhamana ya ufuatiliaji wako. Mgonjwa asiye na mwenyewe hupotea kati ya idara mbili, kila moja ikidhani nyingine inamwona.

Yale madodoso ya maswali mengi ni ya nini? Kuna haja ya kuyajaza kweli?

Ipo, na yajaze kwa ukweli. Linalotumika sana kwa tezi dume ni EPIC-26, lenye maswali 26 kuhusu mkojo, choo, tendo la ndoa na athari za homoni. Kila eneo hupewa alama kutoka 0 hadi 100, na alama kubwa ni hali nzuri. Lingine ni IPSS la dalili za mkojo: maswali 7, alama 0 hadi 35, na hapa alama kubwa ni usumbufu mkubwa. Alama 20 na kuendelea huhesabiwa kuwa hali kali.

Faida yake ni kwamba karatasi haioni haya. Mwanamume anayeshindwa kutamka mbele ya muuguzi kijana kwamba hawezi tena tendo la ndoa huweza kuweka alama kwenye kisanduku. Mwaka 2017, utafiti wa Ethan Basch na wenzake ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani zilizosambaa, waliokuwa wakitibiwa kwa dawa na kuripoti dalili zao mara kwa mara kwa kompyuta, waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliofuatiliwa kwa njia ya kawaida. Hao hawakuwa wagonjwa wa mionzi ya tezi dume, kwa hiyo tusiyabebe matokeo hayo mzima mzima. Hata hivyo funzo linaeleweka: dalili iliyoripotiwa mapema hupata mtu wa kuishughulikia.

Kama kituo chako hakina dodoso, andika mwenyewe kwenye daftari. Na ukijaza dodoso kisha daktari asiligeuze hata ukurasa mmoja, mwombe alisome mkiwa pamoja.

PSA yangu haijafika sifuri. Tiba imeshindwa?

Sifuri ni lugha ya waliotolewa tezi kwa upasuaji. Wewe tezi yako ungali nayo, na seli zake nzima zinaendelea kutoa PSA kidogo. Baada ya mionzi PSA hushuka polepole, na inaweza kuchukua miezi 18, miaka 2 au zaidi kufika chini kabisa. Kama ulichomwa sindano za homoni, yaani zile za kushusha homoni ya kiume, itashuka haraka, kisha inaweza kupanda kiasi homoni zikirudi.

Sasa imepanda. Imerudi?

Si lazima. Kuna kupanda kwa muda kunakowapata wengi, hasa kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, na zaidi kwa waliopandikizwa mbegu za mionzi, yaani vipande vidogo vyenye mionzi vinavyowekwa ndani ya tezi. PSA hupanda kidogo, kisha hushuka yenyewe bila tiba.

Kigezo kinachotumika duniani huitwa kigezo cha Phoenix: PSA ihesabiwe kuwa inaashiria kurudi kwa ugonjwa ikipanda kwa nanogramu 2 kwa mililita au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa ulichowahi kufikia. Kama kiwango chako cha chini kilikuwa 0.4, mstari wako ni 2.4. Hata ukivukwa, kipimo hurudiwa na mwenendo wake hutazamwa. Kwa kawaida PSA hupimwa kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 5, kisha mara moja kwa mwaka, na mwanzoni huweza kupimwa mara nyingi zaidi. Jitahidi upime kwenye maabara ileile, kwa sababu mashine hutofautiana. Weka namba zako zote pamoja na tarehe, maana kipimo kimoja pekee hakisemi mengi.

Nimeona damu kwenye choo. Nifanye nini?

Usiogope, na usinyamaze. Damu kidogo nyekundu, ya kupangusa, mwaka wa pili au wa tatu baada ya mionzi, mara nyingi ni ile mishipa dhaifu. Lakini bawasiri na saratani ya utumbo nazo hutoa damu, kwa hiyo lazima ichunguzwe.

Hapa kuna jambo la kulishika sana. Ukienda kufanyiwa kipimo cha kamera ya utumbo, mwambie daktari kabla hajaanza: "Nilipigwa mionzi ya tezi dume mwaka fulani." Ukuta wa mbele wa puru, ule unaogusana na tezi, ndio uliopokea mionzi mingi na hauponi vizuri. Kukata kipande kidogo cha nyama pale kwa ajili ya uchunguzi, bila sababu nzito, kunaweza kuacha kidonda kisichofunga, na mara chache kikatoboka hadi kwenye kibofu au mrija wa mkojo. Daktari wa utumbo asiyejua historia yako anaweza kukata kwa nia njema kabisa. Liandike kwenye kadi, na mtu wa nyumbani alijue pia.

Tiba zipo. Damu kidogo isiyopunguza wingi wa damu mwilini mara nyingi huachwa, ukalainisha choo na kuendelea kutazamwa. Ikizidi, kuna dawa ya sukralfati inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kuna kuiunguza mishipa kwa gesi ya agoni kupitia kamera, na mahali penye chumba maalumu kuna tiba ya oksijeni yenye mgandamizo. Kwa damu kwenye mkojo, hiyo ya oksijeni nayo hutumika, baada ya kibofu kuchunguzwa. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, usiziache mwenyewe, uliza.

Mkojo unanipa shida miaka mingi baadaye. Nizoee tu?

Hapana. Mkondo ukizidi kuwa mwembamba, huenda mrija umesinyaa, na kuna njia za kuupanua. Haja ikikubana ghafla, kuna dawa na kuna mazoezi ya kibofu, yaani kujizuia dakika chache zaidi kila baada ya siku kadhaa. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile unayoibana unapokata mkojo katikati, husaidia kupunguza kuvuja. Ila jifunze kwa mtaalamu, maana wengi hubana tumbo wakidhani wanafanya sawa. Ukipendekezewa upasuaji wa kukwangua tezi, hakikisha anayeufanya anajua ulipigwa mionzi, kwa sababu hatari ya kushindwa kuzuia mkojo huongezeka. Mvutaji wa sigara aache; sigara huongeza madhara ya kibofu.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukishindwa kabisa kukojoa, ukitoa mabonge ya damu, au ukipata homa pamoja na maumivu ya kukojoa. Vivyo hivyo maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea au ganzi: huenda uti wa mgongo umebanwa, na kila saa ina thamani.

Na nguvu za kiume?

Kwa mionzi hupungua taratibu, tofauti na upasuaji ambao mara nyingi huziondoa kwa ghafla kisha sehemu yake ikarudi. Mishipa na neva za uume huathirika kidogo kidogo kwa miaka 2 hadi 5. Umri, kisukari, shinikizo la damu na sindano za homoni huongeza uzito.

Tuseme ukweli wa namba. Katika utafiti wa ProtecT wa Uingereza, baada ya miaka 7, wanaume 27 kati ya 100 waliopangiwa mionzi waliweza kusimamisha vya kutosha kwa tendo la ndoa. Kwa upasuaji walikuwa 18, na kwa waliofuatiliwa tu bila kutibiwa mara moja walikuwa 30. Kufikia mwaka wa 12 makundi yote yalikuwa chini. Yaani umri nao ulichukua sehemu yake, na si haki kuitupia mionzi lawama yote.

Vidonge kama sildenafili na tadalafili huwasaidia wengi. Kumeza tadalafili kila siku kama kinga hakukuonyesha faida katika utafiti mmoja wa mwaka 2014, kwa hiyo vidonge vitumike pale tatizo linapokuwepo. Usivitumie kamwe ukiwa kwenye dawa za moyo za aina ya naitreti. Presha inaweza kuporomoka vibaya. Visipofaa kuna pampu ya kuvuta damu, sindano ya kwenye uume, na kifaa cha kupandikizwa. Kuhusu shahawa, zitapungua sana au zikauke kabisa. Hilo halidhuru, na raha ya kilele inaweza kubaki. Lakini kukauka si uthibitisho kwamba huwezi kutungisha mimba, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu uzazi na kinga.

Mke naye aingie chumbani kwa daktari akipenda na wewe ukiridhia. Mara nyingi mume hujitenga kitandani kwa aibu, mke akadhani hapendwi tena, na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa ukimya unaowaumiza wote wawili.

Sindano za homoni zimenibadilisha. Nitarudi kuwa mimi?

Joto la ghafla, jasho, kitambi, misuli kupungua, matiti kuuma, hasira za karibu, huzuni: vyote hutokana na kushuka kwa testosteroni. Sindano zikikoma homoni hurudi kwa wengi, lakini huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kwa baadhi ya wazee hazirudi kikamilifu. Wakati huo huduma nzuri hupima uimara wa mifupa, sukari, mafuta ya damu na shinikizo. Dawa yenye ushahidi mzuri dhidi ya uchovu ni mazoezi: kutembea kwa kasi pamoja na kunyanyua vitu vizito kwa mpangilio, ukianzia unapoweza. Kulala kutwa huongeza uchovu.

Ninaogopa kila siku ya kipimo ikikaribia. Ni kawaida?

Ni kawaida sana. Omba majibu yatoke upesi, na mkubaliane mapema utapewa na nani. Lakini kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, umeacha ulivyovipenda, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu leo na ufike kwa daktari. Afya ya akili ni sehemu ya tiba ya saratani, na kituo kisichoitazama kimeacha kazi katikati.

Naweza kumdhuru mjukuu nikimbeba?

Kwa mionzi ya kutoka nje ya mwili, hapana. Hakuna kinachobaki ndani yako. Kwa mbegu za mionzi zilizopandikizwa zibaki ndani daima, nguvu ya mbegu za iodini-125 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi. Kwa kawaida huelekezwa kutompakata mtoto kwa muda mrefu na kutokaa karibu sana na mjamzito kwa miezi 2 hivi ya mwanzo, na kutumia kondomu mara za kwanza kwa sababu mbegu moja ya mionzi inaweza kutoka na shahawa. Fuata maelekezo ya kituo chako.

Ningechagua upasuaji, ningekuwa salama zaidi?

Katika ProtecT, iliyofuata wanaume 1,643 kwa takriban miaka 15, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa wachache, chini kidogo ya 3 kati ya 100, bila tofauti ya maana kati ya makundi. Tofauti ilikuwa kwenye maisha ya kila siku. Waliofanyiwa upasuaji walivuja mkojo zaidi. Waliopigwa mionzi walipata shida ya choo zaidi: kufikia mwaka wa 12, wapatao 12 kati ya 100 walivuja choo, dhidi ya 6 kwa makundi mengine. Mionzi yao ilikuwa ya mbinu za zamani kuliko zinazotumika sasa. Hatari ya saratani nyingine ya kibofu au puru miaka mingi baadaye ipo, ila ni ndogo.

Nimeambiwa sasa nitafuatiliwa na daktari wa kawaida. Nibebe nini?

Usiondoke bila karatasi yenye haya: hatua ya saratani na alama ya Gleason (inayoonyesha ukali wa saratani) ulipogunduliwa, PSA ya mwanzo, aina ya mionzi, jumla ya grei, idadi ya vikao, na kama tezi za limfu za nyonga nazo zilipigwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, homoni ulizopewa na hadi lini, kiwango cha chini cha PSA ulichofikia, PSA ikifika ngapi urudishwe kwa wataalamu, na onyo la ukuta wa mbele wa puru. Toa nakala mbili, moja ikae kwenye faili la daktari mpya na nyingine nyumbani. Kama baadhi ya namba hazipo, ziombwe idara ya mionzi sasa, maana kumbukumbu za mpango wa mionzi huwa ngumu kupatikana kadiri miaka inavyopita.